Safu ya ushauri: "Picha ni nzuri, lakini huyu si mwanangu"

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 25, naishi Morogoro. Mwaka jana nilipanga fremu ya duka si mbali na stendi ya Msamvu. Siku za kazi natoa fotokopi, nalaminisha vyeti na kupiga picha za pasipoti. Jumamosi na Jumapili ndizo siku zangu za kupiga picha za watu: mahafali, kipaimara, sendofu, familia zilizotoka kanisani au zinazosherehekea Idi. Kamera yangu ni ya mtumba, niliinunua Kariakoo pamoja na lenzi yake ndogo ya 18-55.

Picha za pasipoti hazinisumbui. Shida ni picha za sura, zile ambazo mtu anataka kuzitundika sebuleni. Nikipiga nje, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi na pua inatupa kivuli hadi mdomoni. Wateja wangu wengi wanatoka ibadani, kwa hiyo tunapiga saa sita au saa saba mchana, na siwezi kuwaambia warudi nyumbani wakasubiri jioni. Nikiwaingiza ndani nawasha flashi, basi wanatoka kama wamebandikwa ukutani, paji la uso linameta mafuta, nyuma yao kivuli kizito.

Kilichonifanya nikuandikie kilitokea mwezi Agosti. Nilipiga picha za sendofu. Bibi harusi ni mweusi, mzuri sana, alivaa gauni jeupe. Kwenye picha gauni lilitoka vizuri, uso ukawa giza. Nikaziingiza picha kwenye programu ya simu, nikaupandisha uso rangi mpaka ukalingana na mapambo. Mwenyewe alifurahi, tena aliniomba niongeze kidogo. Baba yake alipokuja kuchukua albamu alifungua ukurasa wa kwanza, akaitazama picha kwa muda, kisha akasema kwa upole kabisa: "Picha ni nzuri mama, lakini huyu si mwanangu." Akalipa fedha yote, akaondoka. Tangu siku hiyo kila nikifungua programu ile nasikia sauti yake.

Kaka yangu anasema tatizo ni kamera, kwamba wenzangu wanatumia kamera kubwa ndiyo maana picha zao zinapendeza. Kwenye VICOBA yetu naweza kukopa milioni tatu. Nimeshaijaza fomu, sijairudisha.

Kuna na jambo lingine linalonikaa moyoni zaidi ya wateja. Bibi yangu mzaa mama yuko Matombo, milimani. Amezeeka. Picha pekee tuliyo nayo ni ile ndogo ya kitambulisho, na hata sisi wajukuu tunasema haifanani naye. Desemba ukoo utakutana kwake, na wajomba wameniagiza nimpige picha ya kutundika ukutani. Mwaka juzi nilijaribu. Bibi ni mtu wa kucheka na kusimulia, lakini nikiinua kamera tu anakaza midomo na kuganda kama ameitwa kwenye kesi. Picha zote nilizifuta.

Shangazi, nikope? Na bibi yangu nimpigeje?

Binti wa Fremu, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale, kwa yule baba. Alikulipa fedha yote na bado akakwambia ukweli, tena kwa upole. Wengi wangelipa wakanyamaza, kisha wakaenda kusema sokoni. Alichokwambia ndicho kipimo cha kazi yetu: aliyemzaa akiitazama picha, amwone mwanawe.

Nimesimama nyuma ya kamera Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilianza nikimshikia baba yangu taa na kumwanikia negativu kwenye kamba ndani ya chumba cha giza. Kosa kama lako nami nimelifanya, kwa namna nyingine. Alikuja mwalimu mmoja mstaafu, amevaa kofia yake ya viua na kushika bakora. Nikaona kofia inatupa kivuli usoni, na bakora inaharibu mpangilio. Nikamwomba aviweke kando. Akakubali kwa adabu, nikapiga, nikaisifu picha mwenyewe. Alipofariki, watoto wake walikuja kuomba ikuzwe. Binti yake mkubwa akaitazama akaniuliza, "Kofia yake iko wapi? Sisi hatujawahi kumwona baba hivi." Sikuwa na picha nyingine. Negativu ilikuwa moja, na kofia haikuwamo. Kwa hiyo najua hiyo sauti unayoisikia ukifungua programu.

Sasa tulitazame gauni jeupe, maana mambo yaliharibikia hapo, kabla hata hujaishika simu.

Kamera haijui kwamba mbele yake kuna bibi harusi. Inachopima ni mwanga unaorudi kwenye lenzi, na imetengenezwa ikiamini kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele yake, vyeusi kwa vyeupe, utapata kijivu cha katikati, kile kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga. Ukiijazia gauni jeupe inadhani mwanga umezidi, inaubana. Gauni linatulia, uso unazama. Kanzu nyeupe inafanya hivyohivyo, ukuta uliopakwa chokaa pia, na mbingu ikiwa nyuma ya kichwa ndiyo kabisa. Kitambaa cheusi nyuma ya mtu kinafanya kinyume: kamera inaona giza, inafungulia mwanga, uso unapauka.

Dawa ni kupima uso peke yake. Kamera yako ina namna kadhaa za kupima mwanga, na mojawapo inapima doa dogo tu la katikati. Ichague, elekeza doa hilo kwenye shavu lililo upande wa mwanga. Lakini kumbuka tabia ya kamera: hata shavu hilo itataka kuligeuza kijivu. Basi kwa mtu mweusi sana tumia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, utoe karibu hatua moja, yaani mwanga upungue kwa nusu. Kwa mtu wa rangi ya maji ya kunde toa kidogo tu, au usitoe. Ukitumia simu, gusa uso kwenye kioo, kisha shusha au pandisha ile alama ya jua kwa kidole hadi uone rangi ya mtu kama unavyomwona kwa macho. Mwangalie yeye, uangalie kioo, umwangalie yeye tena. Usikiamini kioo peke yake.

Na kwa gauni kuna ujanja wa zamani aliotufundisha baba: mwili ugeukie kivulini, uso urudi kwenye mwanga. Bibi harusi akikaa karibu na mlango, mabega yake yaelekee ndani ya chumba, halafu ageuze kichwa tu kutazama nje. Gauni linapata mwanga kidogo, uso unapata mwingi, na vile viwili vilivyokuwa vikigombana vinapatana kabla hujabonyeza chochote. Shingo nayo hupendeza.

Jambo jingine: piga kwa RAW, lile faili ghafi la kamera, usitumie JPEG peke yake, lile faili la kawaida lililobanwa. JPEG inahifadhi ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, na ngazi zilizo kwenye giza ni chache sana. Ukizivuta kwa nguvu zinakatika, ngozi inatoka na madoa ya kijani na kijivu. RAW inahifadhi ngazi 4,096 au hata 16,384, kutegemea kamera. Uso uliozama kidogo unaweza kuuinua bila kuuharibu. Memori kadi itajaa haraka. Nunua ya pili.

Watu husema ngozi nyeusi inahitaji mwanga mwingi. Mimi nasema inahitaji mwanga mpana. Ngozi nyeupe huonyesha umbo lake kwa vivuli. Ngozi yetu huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Mtazame mtu mweusi aliyekaa barazani asubuhi: kuna mstari wa mwanga unaoteremka kutoka kwenye kipaji, unafuata mfupa wa shavu, unagusa mdomo wa chini. Ule mstari ndio uso wake. Flashi ya kamera ni kitu kidogo, kwa hiyo mng'ao wake nao ni vidoa vidogo vikali, ndiyo hayo mafuta unayoyaona kwenye paji. Mlango mzima ukiwa ndio taa yako, mng'ao unakuwa mrefu na laini. Mtu ni yuleyule, kamera ni ileile.

Wala usijilaumu peke yako kwa ugumu huu. Vifaa vya kazi yetu havikutengenezwa vikitufikiria sisi. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara za kusafisha picha kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, ili mafundi walinganishe rangi kwa ngozi yake. Shirley akitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990. Na ni mwaka 2021 tu Google ilipotoa simu ya Pixel 6 ikitangaza kwamba kamera yake imefanyiwa kazi maalumu ili ngozi nyeusi itoke kama ilivyo. Miaka yote hiyo mafundi wa kwetu walikuwa wakisahihisha kwa mkono na kwa jicho, sura moja baada ya nyingine. Wewe sasa umo kwenye kazi hiyohiyo, na yule baba wa bibi harusi amekushika mkono.

Lakini mteja mwenyewe aliomba umwongezee weupe, utasema. Ndiyo, na ataomba tena. Simu nyingi zina vichujio vinavyopausha ngozi na kuchonga pua bila hata kuulizwa, na watu wameshazoea kujiona hivyo. Usimhubirie wala usimwaibishe. Mimi nilikuwa nasema, "Nitakung'arisha, sitakupausha," kisha namweka kwenye mwanga mzuri na kumwonyesha picha mbili za kwanza hapohapo. Mara nyingi ombi linaishia hapo. Alichokuwa anakimbia ni lile giza la picha mbaya. Rangi yake haikuwa na kosa lolote.

Katika kusafisha sura, kitakachokuwa kimeondoka baada ya wiki mbili kitoe: chunusi, kidonda cha kujikwaruza, uchovu wa macho. Kovu la utotoni, ndui, chale, mwanya, hivyo ni vya mwenyewe, viache mpaka akwambie yeye kwa mdomo wake uvitoe. Na akikwambia, toa. Uso ni wake.

Tuje kwenye jua lako la saa sita. Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Siku za mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua linapita utosini kabisa, na miezi mingine haliendi mbali. Mwanga unaoshuka wima unazuiwa na nyusi, ndipo macho yanapokuwa mashimo. Hata kamera ya milioni kumi haiwezi kuyafukua vizuri. Inakubidi umtoe mtu pale.

Una kitu ambacho wengi wanakilipia: fremu yenye mlango mpana. Ufungue wote. Zima taa za ndani, maana taa ya dukani ina rangi yake na mchana una yake, na zikichanganyika shavu moja linakuwa la manjano na jingine la buluu. Weka kiti hatua moja ndani kutoka kizingitini, mahali ambapo jua lenyewe haligusi. Wewe simama ndani pembeni, au toka nje ukiegemea ubavu wa mlango, usizibe mwanga. Mteja aelekeze uso nje kwa mshazari. Utaona shavu moja limewaka na la pili limeingia kivulini taratibu. Kivuli kikizidi, nunua karatasi ya manila nyeupe, mpe mwenzake aishike upande wa giza, karibu na bega kadiri inavyowezekana bila kuonekana kwenye picha. Isogeze mbele na nyuma huku ukiangalia jicho la upande huo. Utajua mwenyewe pa kusimama. Nyuma yake chumba chako kitakuwa na giza, mashine ya fotokopi haitaonekana. Kama inaonekana, tundika kitenge cha rangi moja.

Kabla hujabonyeza, tafuta nukta ya mwanga ndani ya macho. Mlango ule unatakiwa uonekane kama dirisha dogo juu ya mboni. Usipoonekana, mwambie ainue kidevu kidogo au ageuke. Macho yasiyo na nukta hiyo yanaonekana yamechoka hata kama mtu anacheka.

Chunguza pia kilicho mbele ya mlango, kwa sababu mwanga hauji kutoka juu tu, unagonga chini na kuinuka. Sakafu ya saruji ni rafiki yako. Udongo mwekundu unaleta wekundu chini ya kidevu. Na kama jirani amefunga turubai la buluu au la kijani mbele ya fremu, kila utakayempiga atatoka mgonjwa, nawe utahangaika kwenye kompyuta usijue kosa liko wapi. Nilihangaika hivyo msimu mzima wa mahafali kwa sababu ya turubai la muuza viatu. Siku alipolifungua kwa ajili ya upepo ndipo nilipoelewa.

Flashi usiitupe. Ukiwa na ile inayogeuka kichwa, ielekeze kwenye siling nyeupe au ukuta mweupe pembeni, mwanga ugonge huko ndipo umfikie mtu. Ile iliyojengewa kwenye kamera ifunge. Na mtoe mteja ukutani, awe mbele yake mita moja na nusu au mbili.

Sasa mkopo. Fomu hiyo usiirudishe mwezi huu. Kaka yako anakupenda, lakini kila ulichokitaja kwenye barua yako kimetokana na mahali jua liliposimama na mahali ulipomsimamisha mtu, na kamera ya milioni tatu utaisimamisha palepale. Bamako, nchini Mali, kulikuwa na mpiga picha Seydou Keïta, aliyejifundisha mwenyewe na kufungua studio yake mwaka 1948. Alikuwa akipiga uani kwa mwanga wa mchana, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitandani kwake. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi alipiga picha moja tu kwa mteja. Alichotumia kwa wingi ni muda kabla ya ile moja: kumgeuza mtu bega, kumpangia mikono, kuinua kidevu. Leo picha hizo ziko kwenye majumba makubwa ya makumbusho duniani, na watu wale wa Bamako bado wanatutazama kama wamekaa sebuleni kwetu.

Kama fedha inakuwasha, weka akiba ya lenzi moja ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, tundu pana linaloingiza mwanga mwingi. Kwa kamera za aina yako ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu zaidi, na ya mtumba inapatikana. Hata hiyo isubiri. Lenzi uliyo nayo ivute hadi milimita 55, urudi nyuma mita moja na nusu au mbili. Ukimkaribia mtu kwa 18 ili uso ujae, pua inakuwa karibu nawe mno kuliko masikio, basi inavimba na masikio yanakimbia nyuma. Wateja wengi wanaosema "mimi si mzuri kwenye picha" wamepigwa kwa karibu mno, hasa kwa simu. Kwenye simu pia, rudi nyuma na uvute picha kwa zumu ya mara mbili.

Sasa tuende kwa bibi. Hii ndiyo sehemu niliyokuwa naisubiri.

Umesema anakaza midomo kama ameitwa kwenye kesi. Jiulize kwanza kamera amekutana nayo wapi maishani. Pengine ni mara zile za kitambulisho tu: kaa hapo, tazama hapa, usitikisike, anayefuata. Nawe ulipoinua yako, ulitoka kwenye kuwa mjukuu ukawa yule karani. Yeye anafanya kile ambacho kamera ilimfundisha kufanya.

Tena usidhani midomo iliyofungwa ni kosa. Wazee wetu hawakuwa wakicheka kwenye picha. Picha ilikuwa jambo la heshima, mtu aliketi wima na kutazama mbele kama anayepokea wageni. Na kama meno yamepungua, huenda hataki yaonekane, na hilo ni haki yake. Usimwambie "bibi cheka." Tafuta utulivu, cheko likija lije lenyewe.

Nenda siku moja au mbili kabla ya ukoo kufika. Siku wajomba wote wako uani wanaelekeza, "Bibi tazama huku, bibi inua kichwa," hutapata kitu. Siku ya kwanza kamera ikae tu pale mezani, aizoee, aishike akitaka. Mpige mtoto yeyote aliye karibu, umwonyeshe bibi kwenye kioo. Mwache ashangae.

Mwangalie anakaa wapi mwenyewe asubuhi. Nina hakika kuna kigoda chake, na kuna mlango wa jikoni au ukingo wa baraza anapochambulia mboga. Umeshajua kwa nini nautaja mlango. Tena huko kwenye milima ya Uluguru alipo bibi, mwezi Desemba mawingu hayako mbali, na mbingu yenye wingu jembamba ni taa pana kuliko yoyote utakayoinunua. Usimhamishe aende kwenye maua. Akae anapokaa, ajifunge kanga anayoitaka yeye. Kama ana kitambaa cha kichwa asichokitoa mbele za watu, usikitoe. Unakumbuka kofia ya mwalimu wangu.

Nawe keti chini. Lenzi iwe sawa na macho yake. Ukisimama unampiga kama mtoto mdogo aliyeitwa. Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 400, ikibidi 800 au 1600 ndani ya baraza, kasi ya shata isishuke chini ya 1/125 ya sekunde, na fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Yapange haya yote kwa kumpiga mtu mwingine kwenye kigoda hichohicho, ili bibi akiketi usiwe unabonyezabonyeza vitufe huku yeye anaganda. Makunyanzi yake, kama unataka yasimulie, mwanga uje kutoka ubavuni. Kama unataka uso laini, mgeuze autazame mlango. Mimi ningepiga yote mawili.

Kisha mpe mtu wa kuzungumza naye. Kama ana dada yake au jirani wa miaka yote, aketi karibu kabisa na sikio lako, ili bibi akimtazama awe anatazama kandokando ya lenzi. Waanzishie jambo moja la zamani na unyamaze. Waulize alipojengewa nyumba ile nani alichoma matofali, au mwaka gani mto ulijaa wakashindwa kuvuka. Mikono yake iwe na kazi, achambue mchele, amenye muhogo. Mikono ikiwa na kazi uso unasahau kujilinda.

Na hapa nakupa kitu kilichonisaidia kuliko vyote. Mtu anapoisikia sauti ya shata, anadhani imekwisha. Anashusha mabega, anatoa pumzi, uso wake unarudi nyumbani. Usiishushe kamera. Bonyeza tena, palepale. Picha nyingi zilizobaki kwenye kuta za watu hapa Tanga, zile ninazokwenda kwenye msiba nikazikuta, ni ile ya pili.

Ukipata unayoipenda, isafishe kwenye karatasi isiyometameta, inchi 8 kwa 10. Kwanza toa moja ndogo ya majaribio, kwa sababu kioo cha simu na cha kompyuta vinawaka vyenyewe na karatasi haiwaki. Uso ulio sawa kwenye kioo unaweza kutoka mzito kwenye karatasi. Inua mwanga kidogo, utoe nyingine, uzilinganishe mlangoni mchana. Kisha mpelekee bibi mwenyewe kabla wajomba hawajaitundika popote. Aitazame. Akisema siyo, uanze tena.

Na asubuhi ile, kabla ya yote, muulize kama anataka. Mwambie picha ni ya nini, itakaa wapi, nani ataiona. Akikataa, kamera irudi kwenye begi, wewe ukae naye umsaidie kumenya.

Shangazi yako, Tanga